Jiwe la Mvunguni

Desturi ya pwani ni kwamba mtu haingii kwa mwenziwe kabla ya kupiga hodi. Hupiga mara tatu. Akikaribishwa huingia, asipoitikiwa hugeuka akaenda zake bila ya kinyongo. Wala hodi haina haja ya mlango. Hata ua wa makuti uliobakia nguzo nne hupigiwa hodi, madhali ndani mna watu. Lakini je, pahala palipohamwa na watu wake kwa maelfu ya miaka napo hupigiwa hodi? Na kama hupigiwa, ni nani wa kuitikia?

Swali hilo humkabili kila atakaye kuingia ndani ya duara la mawe la Stonehenge, kusini mwa Uingereza. Mawe hayo yamesimama katika uwanda wa Salisbury, nchi ya nyasi iliyo wazi kwa upepo, kiasi cha kilometa 13 kaskazini ya mji wenye jina hilo. Handaki la mviringo na tuta lake vilichimbwa yapata mwaka 3000 kabla ya Kristo. Mawe makubwa yalisimamishwa yapata mwaka 2500. Hapana paa wala mlango wa mbao. Upepo huingia upendavyo, na ndege hujenga viota katika nyufa. Binadamu peke yake ndiye anayehitaji ruhusa.

Wageni zaidi ya milioni moja hufika kwa mwaka, na takriban wote huyatazama mawe hayo kwa nje. Hushushwa na basi, hufuata njia ya kuzunguka, husimama nyuma ya kamba fupi ambayo mtoto angeweza kuivuka, hupiga picha, kisha hurudi. Wachache huingia ndani ya kamba. Hao ni wale walioomba mapema, wakalipa zaidi, na wakakubali kufika wakati lango la wengine limefungwa: asubuhi na mapema kabla ya wageni wa mchana, au jioni baada ya wao kuondoka. Wakiwa kundi dogo, chini ya macho ya walinzi, hupewa muda wa takriban saa moja. Kwa mtu aliyetoka mbali, ambaye pengine hatarudi tena maishani, hiyo ni saa nzito. Na namna atakavyoitumia huamuliwa miezi kabla ya siku yenyewe.

Kamba hiyo si ya zamani. Katika karne ya 19 watu walikuja kwa magari ya farasi, wakaandaa vyakula vyao baina ya mawe, wakachonga majina, na wengine wakavunja vipande vya kwenda navyo nyumbani. Juu ya jiwe mojawapo limo jina la Wren, linaloaminiwa kuwa la Christopher Wren, msanifu wa kanisa kuu la Mtakatifu Paulo mjini London, au la mtu wa ukoo wake. Mwaka 1877 alifika Charles Darwin, naye ni mtu wa miaka 68, akachimba kando ya mawe yaliyolala ili aone nyungunyungu wameyazamisha kiasi gani kwa kazi yao ya kimya. Hata yeye, pamoja na jina lake kubwa, alichimba kwa idhini ya mwenye ardhi.

Siku ya mwisho ya mwaka 1900 jiwe mojawapo lilianguka katika dhoruba. Mwenye ardhi, Sir Edmund Antrobus, aliingiwa na hofu, akazungusha ua wa waya na kutoza kiingilio cha shilingi moja. Baadhi ya watu walikwenda mahakamani kudai kwamba njia ya mawe ni ya umma. Mwaka 1905 walishindwa. Miaka kumi baadaye, mwezi Septemba 1915, pahala pote pakatiwa mnadani. Mwanasheria mmoja wa sehemu hizo, Cecil Chubb, alipanunua kwa pauni 6,600, na mwaka 1918 akapatoa zawadi kwa taifa. Katika masharti ya hati yake alitaka umma uingie, na kiingilio kisizidi shilingi moja. Shilingi hiyo Waingereza wenyewe waliiacha mwaka 1971, ilhali jina lake lingali linatajwa kila siku katika masoko ya Mombasa na Dar es Salaam.

Zawadi ya Chubb ilileta mtihani ambao yeye hakuuona. Mali ya umma ilianza kuchakazwa na umma huo huo, tena kwa mapenzi. Kadiri magari yalivyoongezeka, ndivyo nyayo zilivyozidi, hata majani ndani ya duara yakafa na ardhi ikageuka tope. Mwaka 1977 kamba ikafungwa. Wakati huo huo vijana walikuwa wakikusanyika karibu na mawe kila mwezi Juni kwa tamasha la bure lililoanza mwaka 1974. Baada ya tamasha la 1984 walikatazwa, na tarehe 1 Juni 1985 askari polisi waliuzuia msafara wao kwa nguvu, watu wakaumizwa na mamia wakakamatwa. Ilichukua miaka kumi na mitano hadi, mwaka 2000, umma uliporuhusiwa tena kuingia bure usiku wa siku ndefu kuliko zote. Kwa hiyo anayesoma masharti ya ziara na kuyaona ni usumbufu tu, na akumbuke kwamba kila sharti limeandikwa baada ya jambo kutokea.

Mwenye nia na aanze na kalenda. Ziara za ndani hazipo kila siku, na nafasi za miezi ya joto huchukuliwa mapema sana. Huombwa kwa English Heritage, jumuiya inayoyatunza mawe kwa niaba ya taifa. Kabla ya kuomba, mtu ajiulize analitaka jua lipi. Jambo hili ni jepesi kulisema na gumu kulifahamu kwa mtu wa pwani ya Afrika ya Mashariki, ambaye jua lake huchomoza na kutua karibu saa zile zile mwaka mzima. Katika uwanda wa Salisbury jua la mwezi Juni huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na la mwezi Desemba hutua karibu na saa kumi alasiri. Mchana hunywea siku hadi siku, kama maji ya bamvua yanavyoiacha pwani, na mkulima wa kale, mwenye ghala dogo na mifugo michache, hakuwa na hakika ya kujaa tena ila kwa kuhesabu na kungoja.

Hiyo ndiyo sababu ya mawe kuelekezwa yalivyoelekezwa. Katika siku ndefu ya mwaka jua huchomoza upande wa kaskazini mashariki, karibu na jiwe lililosimama peke yake nje ya duara, liitwalo Jiwe la Kisigino. Katika siku fupi, jua hutua upande wa pili wa mstari ule ule, kusini magharibi. Si mbali na hapo, mahali paitwapo Durrington Walls, wachimbuzi walikuta sakafu za nyumba za watu wa zama za mawe makubwa, pamoja na mifupa mingi ya nguruwe waliochinjwa wakati wa baridi. Yaelekea karamu kubwa ilikuwa ya siku fupi, pale watu walipokutana kuliaga jua dhaifu na kulingojea lirudi. Mgeni aliyezaliwa karibu na ikweta akilifikiri hili kabla ya kufunga safari, atakuwa amekwisha kupiga hodi ya kwanza.

Hodi ya pili ni ya miguu. Treni ya kutoka London hadi Salisbury huchukua kiasi cha saa moja na nusu, lakini haimfikishi mtu kwa ziara ya alfajiri. Hana budi kulala Salisbury, au katika mji mdogo wa Amesbury ulio karibu zaidi, na kuagana na dereva wa teksi tangu jioni. Hupelekwa kwanza kwenye kituo cha wageni kilichofunguliwa mwaka 2013, zaidi ya kilometa mbili kutoka kwenye mawe. Kilijengwa mbali makusudi, na barabara ya zamani iliyopita ubavuni mwa mawe ikafungwa na kuoteshwa majani. Barabara nyingine kubwa ingali inapita upande wa kusini, na mngurumo wa malori husikika hadi ndani ya duara. Mpango wa kuizamisha katika njia ya chini ya ardhi uligombaniwa kwa miaka mingi, na serikali ikaufuta mwaka 2024. Mwenye kutarajia kimya kitupu asije akajiona amedanganywa.

Avae viatu visivyopitisha maji, maana ndani ya duara ni majani matupu na umande wake huloanisha hadi soksi. Achukue koti hata kama ni mwezi wa Julai. Kamera aichukue akipenda. Lakini ajiwekee ahadi kwamba robo saa ya kwanza itakaa mfukoni. Picha nzuri za mawe hayo zimejaa duniani, nazo zimepigwa na watu wenye vyombo bora kuliko chake. Asichoweza kukipata kwa mwengine ni macho yake mwenyewe yakizoea ukubwa wa kitu kile.

Hodi ya tatu ni ya kusoma, nayo ndiyo inayosahauliwa. Asiyejua kitu akiingia ndani ya duara huona mawe makubwa, na baada ya dakika kumi huwa ameyamaliza. Aliyesoma huona mawe ya namna mbili. Makubwa, yenye rangi ya kijivu, ni sarseni. Kwa wastani huwa na uzito wa tani zaidi ya 20, na uchunguzi uliotolewa mwaka 2020 ulionesha kwamba karibu yote yaliyosalia yalitoka katika msitu wa West Woods, kilometa 25 kaskazini. Madogo huitwa mawe ya buluu, kwa kuwa yakivunjwa au yakilowa huwa na rangi ya kuelekea buluu. Hayo yalitoka katika vilima vya Preseli, magharibi ya Wales, mwendo wa zaidi ya kilometa 200, wakati ambapo watu wa nchi hiyo hawakuwa na gurudumu.

Aliyesoma ataona pia kazi ya useremala. Juu ya sarseni zilizosimama yamelazwa mawe mengine, mfano wa boriti juu ya nguzo. Mafundi hawakuyaweka juu tu wakatumaini uzito. Kichwani mwa kila nguzo walichonga ulimi, na chini ya jiwe la juu wakatoboa tundu la kuupokea. Tena mawe ya juu ya duara la nje yakaungwa ncha kwa ncha, hili likiwa na mfuo na lile likiwa na ukingo wa kuingia humo. Fundi yeyote wa Mji Mkongwe aliyepata kuunga fremu ya mlango angezitambua mbinu hizo. Ni mbinu za mbao zilizohamishiwa katika jiwe, na mtu hazioni sawasawa akiwa nyuma ya kamba. Jiwe refu kuliko yote, ambalo mwenziwe ameanguka na jiwe lao la juu limelala chini, lingali na ulimi wake kileleni, umebaki hewani kama neno lililokatizwa.

Kisha lipo jiwe ambalo takriban wote huliruka. Katika moyo wa duara, mbele ya jiwe hilo refu, kuna jiwe lililolala katika majani, uso wake ukiwa sawa na ardhi, na juu yake yameangukia mawe mawili makubwa. Huitwa Jiwe la Madhabahu, ingawa hapana ushahidi kwamba lilikuwa madhabahu. Lina urefu wa kiasi cha meta tano na uzito wa tani sita. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani lilitoka Wales pamoja na mawe ya buluu. Mwezi Agosti 2024 uchunguzi wa chembe zake ulionesha kwamba lilitoka kaskazini mashariki ya Uskoti, kiasi cha kilometa 700 au zaidi. Wako wanaosema lilipita baharini, wako wanaosema lilikokotwa nchi kavu, na ubishi wao haujesha. Basi jiwe lililosafiri mbali kuliko yote ndilo lililo chini kuliko yote, limekandamizwa na wenyeji wa karibu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtu aliyelipa, akangoja, akaamka usiku, na akaingia ndani, bado hatoliona jiwe hilo asipoinama.

Hapo ndipo unapofahamika umuhimu wa ziara ya ndani kwa mtu anayeshughulika na maneno. Mawe haya hayakuachwa na maandishi. Hapana jina la mfalme wala tarehe. Hata lugha ya wajenzi haijulikani hata neno moja. Na kwa kuwa hapana maandishi, kila zama imeyafasiri kwa lugha yake. Yapata mwaka 1136, Geoffrey of Monmouth aliandika kwa Kilatini kwamba mawe yaliletwa na Merlin, mwenye ilimu ya mambo ya siri, kutoka Ayalandi, ambako yaliitwa Ngoma ya Majitu. Na kwamba majitu hayo yaliyachukua zamani kutoka pembe za mwisho za Afrika. Akaongeza kwamba kila jiwe lina dawa. Watu waliyaosha, na maji yale wakamwogeshea mgonjwa akapona. Msomaji wa visiwani atatabasamu hapo, maana anaijua sahani iliyoandikwa kwa zafarani, na maji ya kombe anayonyweshwa mgonjwa. Si kwamba mambo mawili hayo yana asili moja. Ni kwamba watu wa bara mbili wamefikia wazo lile lile, kuwa neno au jiwe lenye heshima huweza kuingia mwilini kwa maji.

Karne tano baadaye, msanifu Inigo Jones aliyatazama mawe yale yale na kuona hekalu la Kirumi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1655, yeye akiwa amekwisha kufa. Mwaka 1740 William Stukeley aliona hekalu la Wadruidi, makuhani wa kale wa nchi hiyo, na fasiri yake ikakaa vichwani mwa watu hadi leo, ijapokuwa Wadruidi hutajwa katika maandishi ya mwisho mwisho wa zama za kabla ya Kristo, na mawe yalikwisha kusimama kwa miaka elfu mbili na zaidi. Thomas Hardy, katika riwaya yake ya mwaka 1891, alimlaza Tess juu ya jiwe humo usiku wa kuamkia kukamatwa kwake. Kila mmoja alileta alichokuwa nacho. Jones alikuwa na Roma, Stukeley alikuwa na makuhani, Hardy alikuwa na hukumu.

Mfasiri mwema anaijua hatari hiyo. Anajua kwamba shairi la mwengine halijazwi kwa maneno yaliyo tele nyumbani kwake, na kwamba pale lisiposema kitu, yeye hana mamlaka ya kulisemea. Kazi yake ya kwanza ni kulisogelea kadiri aruhusiwavyo. Kazi ya pili ni kutambua mpaka wa ruhusa hiyo. Mgeni wa Stonehenge yumo katika hali ile ile. Ameruhusiwa kusimama baina ya mawe, kuyazunguka, kuuona mchoro wa shoka na wa jambia katika jiwe namba 53, uliogunduliwa mwaka 1953 baada ya macho mengi kuupita. Uchunguzi wa mwaka 2012 ulifikisha idadi ya shoka zilizochorwa katika mawe hayo 115, nyingi zikiwa zimefifia hata jicho haliwezi kuzipata. Mwanga wa ubavuni, wa asubuhi au wa jioni, ndio unaousaidia mchoro kujitokeza. Na huo ndio mwanga wa saa aliyopewa. Lakini kugusa hakuruhusiwa.

Katazo hilo ndilo linalowaudhi wageni wengi. Mtu husema: nimelipa, nimetoka bara jengine, jiwe limevumilia mvua kwa miaka 4500, kidole changu kitalifanya nini? Jawabu liko juu ya jiwe lenyewe. Madoa ya kijivu, ya manjano na ya kijani yaliyolitapakaa si uchafu, bali ni viumbe hai waitwao kuvumwani. Jina hilo limesibu, maana kiumbe huyo ni ndoa ya kuvu na mwani wanaoishi kwa kutegemeana. Uchunguzi wa mwaka 2003 ulihesabu zaidi ya aina 70 katika mawe hayo, baadhi yake zikiwa adimu. Hukua polepole mno, na mkono unaopita kila siku huzifuta. Ndiyo maana watu walishituka mwezi Juni 2024, siku moja kabla ya siku ndefu ya mwaka, waandamanaji wawili waliporusha unga wa rangi ya machungwa juu ya mawe. Unga uliondolewa bila ya mawe kuonekana kudhurika, lakini hofu ya kwanza ya watunzaji ilikuwa juu ya viumbe hao.

Tena miongoni mwao kuna aina ambazo desturi yake ni kuota katika majabali ya pwani, penye chumvi na mawimbi. Zimefikaje katika uwanda ulio makumi ya kilometa kutoka baharini? Yumkini ni upepo. Mtu aliyezaliwa kisiwani, akisimama mbele ya jiwe hilo na mikono yake nyuma, anaweza kujua kwamba anatazamana na kiumbe wa pwani aliyehamia bara, akapata pa kujishikiza, akakaa. Hahitaji kumgusa ili amsalimu.

Ipo hoja nzito zaidi dhidi ya ziara hizi, na haifai kupitwa. Kwa nini aliye na fedha aingie, na asiyekuwa nazo abaki kwenye kamba? Chubb alitoa zawadi kwa wote, si kwa walioweka nafasi. Hoja hii ni ya haki, na majibu yaliyopo ni nusu majibu. Umma huingia bure katika siku chache za mwaka, kwenye siku ndefu na siku fupi na zile ambazo usiku na mchana hulingana. Lakini hapo mtu huwa mmoja katika maelfu, penye ngoma na nyimbo usiku kucha. Wenyeji wa karibu hawalipi kiingilio cha mchana. Asiye na senti anaweza kupita katika njia ya umma iliyo karibu na kuyaona mawe bure, kwa mbali. Na kiasi cha kilometa 30 kaskazini kuna Avebury, duara kubwa zaidi, lililoingizwa pamoja na Stonehenge katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1986. Huko sehemu ya kijiji imo ndani ya duara, kondoo hujikuna kwenye mawe, na mtu huweka kiganja chake atakapo. Mwenye uchu wa kugusa aende Avebury, hatapungukiwa.

Watu wa pwani wanalijua swali hili kwa karibu. Mgeni wa Kilwa Kisiwani naye hupata kibali Kilwa Masoko kabla ya kupanda mashua, na magofu atakayoyakuta yamo katika orodha ile ile tangu mwaka 1981, yakiwa kando ya nyumba za watu wanaoishi, wanaovua na kulima. Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa mwaka 2000, na Gedi mwaka 2024. Matumbawe na chokaa havina ugumu wa sarseni. Mvua moja ya masika hubomoa kilichosimama karne nzima. Ikiwa jiwe la tani 20 linahitaji kulindwa na kiganja cha mwenye kulipenda, ukuta wa msikiti wa kale unahitaji nini? Na ikiwa ulinzi utakuja kwa kamba na tiketi, nani atabaki nje ya kamba: mgeni, au mwana wa mwana wa aliyeujenga? Huko Uingereza mwenyeji alikumbukwa. Si kila mahali alikumbukwa.

Haki iliyo nusu haiwi nzima kwa mtu mmoja kukataa kuingia. Aliyepata nafasi na aichukue, ila aichukue kama amana. Aingie bila ya kelele. Robo saa ya kwanza asimame pamoja na kuzunguka polepole, hadi ukubwa uache kumshangaza na umbo lianze kuonekana. Robo ya pili atafute ulimi na tundu, mfuo na ukingo, na mchoro wa shoka. Robo ya tatu ainame penye Jiwe la Madhabahu na kufikiri masafa yake. Ya mwisho asiipangie kitu. Pengine wingu litafunika kila jambo alilolitarajia, na jua alilolifuata kutoka mbali lisitokee kabisa. Hilo ni lao watu wa uwanda ule tangu zamani. Nao walikuwa wakijenga kwa ajili ya jua ambalo siku nyingi hawakuliona.

Muda ukiisha, walinzi huwaita watu kwa upole na kuwatoa. Asubuhi huwa ndiyo kwanza inakaribia wakati wa kufunguliwa lango, na nyayo za kundi huonekana katika umande kwa dakika chache kabla ya kukauka. Mtu akigeuka nyuma akiwa kwenye kamba, huyaona mawe kama wote wanavyoyaona, ila sasa anajua kwamba katikati yake, chini ya mawe mawili yaliyoanguka, kuna jiwe moja lililotoka Uskoti. Kutoka hapo halionekani. Basi la kwanza likifika na wageni wa mchana, anaweza kumwambia mmoja wao.